Friji Isiyozima: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipia Gesi

Wateja wengi wanaotupigia simu katika karakana yetu hapa Dar es Salaam, hasa kati ya Desemba na Machi ambapo joto huwa kali, huanza kwa maneno yanayofanana: "Fundi, friji yangu haizimi, nadhani gesi imeisha." Sehemu ya kwanza ya maneno hayo inatusaidia sana, lakini sehemu ya pili ndiyo inayowapotezea watu fedha. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ile ya mtungi wa kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kabisa, ikigeuka kimiminika na kurudi kuwa mvuke, na friji nzima inaweza kufanya kazi miaka mingi kwa gesi ile ile iliyotiwa kiwandani. Ikiwa imepungua, basi imevuja mahali fulani, na fundi anayeongeza gesi bila kutafuta mahali hapo anakuuzia baridi ya muda tu.

Kufanya kazi muda mrefu peke yake si lazima kuwe ni ugonjwa. Kwa hali ya hewa ya pwani, kompresa (mashine inayosukuma gesi) inayowaka nusu ya muda, au hata theluthi mbili, haipaswi kumtia mtu wasiwasi. Friji za kisasa zenye inveta, yaani kifaa kinachobadilisha kasi ya kompresa, zimeundwa makusudi ziende kwa mwendo mdogo kwa saa nyingi mfululizo, na mwenye nazo akizilinganisha na friji yake ya zamani iliyokuwa ikizima kila baada ya robo saa ataona kasoro isiyokuwepo. Vilevile, baada ya umeme kukatika kwa saa kadhaa, au siku friji inapowashwa kwa mara ya kwanza, ni haki yake kufanya kazi bila kupumzika hadi siku nzima.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wa friji zilizotumika hawalitaji. Ndani ya friji, mara nyingi ubavuni karibu na droo ya mboga, pana kibandiko chenye herufi SN, N, ST au T. Herufi hizo zinaonyesha joto la chumba ambalo friji imetengenezewa: SN na N huishia nyuzijoto 32, ST huishia 38, na T huishia 43. Friji nyingi zinazoletwa kutoka Ulaya ni za SN au N, na jiko la Dar es Salaam saa nane mchana mwezi wa Februari huvuka nyuzijoto 32 bila taabu. Friji ya namna hiyo ikishindwa kuzima mchana na kupumzika usiku wa manane, haina kitu cha kutengenezwa. Unaweza kuisaidia kwa kuisogeza mbali na jiko na dirisha la jua, na siku ukinunua nyingine, tafuta T.

Swali letu la kwanza kwa mteja ni hili: kompresa haizimi, je, ndani mna baridi ya kutosha? Usijibu kwa kupapasa kwa mkono. Weka glasi ya maji kwenye rafu ya katikati, uiache usiku kucha, kisha asubuhi uipime kwa kipimajoto. Maji yakiwa kati ya nyuzijoto 3 na 5, baridi ipo. Yakiwa yameanza kuganda, na mboga nazo zimeungua kwa barafu, friji inapoza kupita kiasi na tatizo linaelekea kwenye themostati, yaani kidhibiti cha baridi. Huenda kitufe kimezungushwa hadi namba ya mwisho, na kwa friji nyingi za kitufe namba hiyo huifanya kompresa isizime kabisa. Kirudishe katikati kwanza. Isipozima bado, inawezekana kibomba chembamba cha themostati kimechomoka mahali pake kikawa hakihisi baridi, au swichi ya ndani imeng'ang'ania. Hii ni kazi ndogo, na haihusiani na gesi hata kidogo.

Ikiwa maji hayajapoa, kagua mahali joto linapotokea. Wavu mweusi ulio nyuma ya friji kazi yake ni kutoa nje joto lililotolewa ndani, nao ukifunikwa na vumbi, buibui au pazia, joto hubaki na kompresa huhangaika. Chomoa plagi, upanguse kwa brashi laini, na uache nafasi ya kama sentimita 10 kutoka ukutani. Wengine huweka friji sebuleni na kuipamba kwa vitambaa vinavyoning'inia mpaka nyuma. Vinapendeza, lakini friji haiwezi kupumua. Friji zisizo na wavu huo nyuma hutolea joto mbavuni, kwa hiyo mbavu kuwa za moto si hitilafu.

Kisha mpira wa mlango. Bana noti kati ya mpira na fremu, ufunge mlango, kisha uivute polepole. Ikitoka bila kushikwa, hewa ya joto na unyevu inaingia hapo usiku na mchana. Usiku unaweza pia kuweka simu ndani ikiwa imewashwa tochi, ukafunga na kutazama mwanga unapenya wapi. Mpira mchafu husafishwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, na uliojikunja mara nyingine hurudi ukipashwa moto kidogo kwa kikausha nywele. Uliochanika hubadilishwa.

Wanaouza barafu na maji baridi nyumbani tunawaomba wahesabu mzigo wao. Kuligandisha lita 1 la maji ambalo tayari limefika nyuzijoto 0 kunadai kuondolewa joto karibu mara 3 ya lile lililoondolewa kulifikisha hapo kutoka nyuzijoto 28. Anayepanga lita 10 kila asubuhi katika friji ndogo ya familia asishangae kompresa ikienda mpaka usiku.

Kwa friji zisizojenga barafu (no frost), yaani zinazoyeyusha barafu zenyewe, dalili inayotupa jibu haraka ni hii: upande wa juu unagandisha kidogo, upande wa chini una joto, na kompresa haipumziki. Izime saa 24 milango ikiwa wazi, kisha uiwashe. Ikipoza vizuri siku kadhaa halafu tatizo likarudi, hita ya kuyeyushia barafu, kihisio chake au saa yake imeharibika, na barafu imeziba njia ya hewa nyuma ya ukuta wa friza.

Gesi ikiwa kweli imepungua, barafu huonekana sehemu ndogo tu ya bamba la friza, na wavu wa nyuma huwa na uvuguvugu hafifu ingawa kompresa yenyewe inachoma. Chanzo tunachokutana nacho mara nyingi ni kisu kilichotumika kuchokonoa barafu; kinachofuata ni kutu, ambayo chumvi ya bahari huiharakisha. Katika kazi hii tunapima uvujaji kwa naitrojeni na povu la sabuni, tunaziba, tunabadilisha filta, tunavuta hewa yote kwa pampu, ndipo tunatia gesi kwa kuipima kwenye mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Uvujaji ukiwa ndani ya ukuta wenye povu wa friji iliyochakaa, tunamshauri mteja asitengeneze, hata kama kufanya hivyo kunatunyima kazi.

Kusubiri nako kuna gharama. Kompresa ya wati 120 inayokwenda saa 24 hula uniti 2.88 kwa siku, wakati inayopumzika nusu ya muda hula 1.44, kwa siku 30 tofauti inakaribia uniti 43, nazo zinaonekana wazi kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla.

Unapotupigia, tueleze matokeo ya glasi ya maji, sehemu ambazo barafu inaonekana, na herufi zilizo kwenye kibandiko. Soma pia aina ya gesi: ikiwa ni R600a, inayoshika moto, tuambie mapema, kwa sababu fundi hatalehemu mabomba hayo kabla ya kuitoa gesi yote katika mahali penye hewa ya kutosha, na huenda tukahitaji kuisogeza friji hadi kibarazani.