Theluji ya Karuizawa hutengenezwa usiku

Saitama, Japani
Januari

Baba na Mama,

Shikamooni wazazi wangu. Sisi huku wazima, mjukuu wenu anakula vizuri na kikohozi kile kimekwisha. Baba yake anawasalimu sana. Namwomba mdogo wangu awasomee barua hii taratibu, asiruke mistari, maana ndani yake kuna jibu la Baba. Siku ya Krismasi uliniuliza kwenye simu, "Hiyo theluji mliyokwenda kuichezea ni ya Mungu au ya watu?" Mtandao ukakatika kabla sijajibu, na tangu siku hiyo swali lako sijaacha kulifikiria.

Tulikwenda Karuizawa, katika mkoa wa Nagano, Jumamosi moja ya Desemba. Kutoka Omiya hapa jirani unapanda treni ya mwendokasi, na haimalizi saa moja. Njiani tambarare inaisha, treni inaingia kwenye mahandaki, inapanda ndani kwa ndani bila nyinyi kuona kitu, halafu ghafla mko juu. Nasema juu, lakini Karuizawa ina mwinuko wa mita karibu 1,000 tu, yaani iko chini kuliko kwetu Marangu. Baridi yake lakini! Tulipotoka tu stesheni mjukuu wenu alijificha ndani ya koti langu akakataa kutembea.

Mlima wa kuteleza unauona ukiwa pale pale stesheni. Na hapo ndipo nilipopigwa na butwaa. Nilitegemea kuona weupe kila mahali. Badala yake vilima vilikuwa vya kahawia, miti imepukutika, nyasi zimekauka kama za Mwanga mwezi wa tisa, na katikati ya ukavu huo kuna njia nyeupe zinashuka, kama mtu ametandika kanga nyeupe mlimani akaivuta hadi chini. Pembeni ya njia, ardhi tupu. Kwa mbali unauona mlima Asama, mita 2,568, volkano ambayo bado iko hai, na juu yake kulikuwa na theluji kidogo ya kutoka angani. Ile tuliyoikanyaga sisi ilikuwa karibu yote ya kutengeneza.

Baba, wewe utaelewa sababu upesi kuliko mtu yeyote. Wakati wa baridi huku upepo unavuma kutoka Siberia, unavuka Bahari ya Japani na kubeba unyevu, kisha unagonga milima. Upande ule wa milima theluji inaanguka mpaka inazidi urefu wa mtu. Upepo ukishavuka, umekwisha kumwaga mzigo wake wote, unafika upande huu mkavu. Ni yale yale uliyotuonyesha tulipokuwa tunapita Same kwenye basi kwenda Dar: mawingu yamekaa juu ya Milima ya Upare, na huku bondeni mkonge na vumbi. Karuizawa iko upande wa vumbi. Baridi wanayo, theluji huja kidogo.

Kwa hiyo wanaitengeneza. Maji yanasukumwa kwa mabomba hadi juu ya mteremko, yanaingia kwenye mashine kama feni kubwa au mlingoti mrefu, na yanapulizwa hewani pamoja na hewa iliyogandamizwa. Yanatoka kama ukungu wa matone madogo sana, na matone hayo yanaganda kabla hayajafika chini. Basi. Hakuna dawa ya ajabu, ni maji na hewa na baridi. Ila baridi peke yake haitoshi, hewa inatakiwa iwe kavu pia, maana kwenye hewa kavu tone linapoa haraka zaidi. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote: ukavu ule ule unaowanyima theluji ya angani ndio unaowasaidia kuitengeneza ya kwao.

Na saa za kazi hiyo ni usiku. Asubuhi, kabla ya watu kujaa, nilimkuta mzee mmoja amevaa buti za mpira anakunja bomba kando ya mteremko. Nilimwamkia kwa adabu za huku, nikamuuliza kama amelala. Akacheka, akasema usiku baridi ikishuka vya kutosha hawalali, kwa sababu hawajui kesho itakuwaje, na jua la mchana likiwa kali linakula walichokitengeneza. Wanapita mashine moja baada ya nyingine na tochi kuangalia kama hazijaganda, na upepo ukigeuka wanazigeuza ili theluji isiangukie msituni. Alinionyesha kiganja chake. Kimepasuka kama chako, Baba.

Nilisimama pale nikaukumbuka mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia. Nilikumbuka zamu yetu ilipoangukia usiku, wewe mbele na kandili, mimi nyuma na jembe, tunafuata maji kutoka juu hadi kihambani, kwenye migomba yetu, unaziba kwa magome ya mgomba na udongo, unafungua pale, unasikiliza. Ulikuwa unasikiliza maji kwa masikio kabla hujayaona. Yule mzee naye alisema anajua kwa sauti kama mashine inatoa theluji nzuri au inamwaga maji tu. Nilimweleza habari za mfongo kwa Kijapani changu, kwamba kwetu pia kuna watu wanaoyapeleka maji ya mlima kwa mikono yao, usiku, kwa zamu. Aliniinamia kichwa, na mimi nikamwinamia.

Sasa habari za mjukuu wenu. Mahali pale wamepafikiria watoto kwelikweli. Kuna sehemu yao peke yao, mteremko mdogo kama wa uwanja wa shule, na kuna mkanda unaotembea: mtoto anasimama juu yake na unampandisha polepole, hana haja ya kukwea wala kukaa kwenye viti vile vya kuning'inia. Wanaanzia kwenye sori, kigari cha plastiki kisicho na magurudumu, unakaa unashikilia kamba unashuka. Mara ya kwanza alishuka na mimi huku amefumba macho. Mara ya tatu akanisukuma, akataka kukaa peke yake.

Mchana tukamvalisha zile mbao za kutelezea. Mwalimu, binti mdogo mwenye sauti ya upole, anawafundisha kusimama kwa kukutanisha ncha za mbele na kutanua nyuma, na anawaambia watoto, "Fanyeni herufi ya ha," kwa sababu "ha" yao inaandikwa kwa mistari miwili inayoegemeana juu. Mjukuu wenu ndiyo kwanza anajifunza kuandika, basi alifurahi kuiandika herufi kwa miguu. Alianguka mara nyingi. Na hapa kuna kosa langu: nilimnunulia glovu za sufu, na sufu inanyonya maji. Vidole vikalowa, vikauma, akalia kwa uchungu mpaka nami machozi yakanitoka. Tukaingia ndani, nikavisugua kwenye mikono yangu, tukala wali na mchuzi wa kari wa moto. Mama mmoja aliyekaa jirani yetu akamwazima glovu za mwanawe aliyekuwa amelala. Hakuniuliza jina wala natoka wapi.

Theluji yenyewe, niliivua glovu nikaishika. Mama, nimekua nikiitazama ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kila mawingu yakifunguka asubuhi, na sijawahi kuigusa. Hii ya mashine ina punje ndogo za mviringo, nzito kidogo, kama chumvi ya mawe iliyotwangwa. Haina zile pembe sita za theluji ya angani. Kwa kuwa imeshikana, inachelewa kuyeyuka, na ndiyo maana inabaki kwenye jua lile. Kwa jibu lako basi, Baba: maji ni ya Mungu, baridi ni ya Mungu, na waliokesha ni watu.

Sitaficha kwamba moyo haukutulia kabisa. Mashine zile zinakula umeme mwingi na maji mengi, kwa ajili ya michezo. Nakumbuka unavyosema, Baba, kwamba wewe ulipokuwa kijana weupe wa Kibo ulishuka chini zaidi, na ni kweli, barafu iliyopimwa mwaka 1912 zaidi ya robo tatu yake imekwisha kupotea. Kibo hakuna mtu atakayepeleka mabomba. Mwanangu ameigusa theluji ya kupulizwa na watu kabla hajaiona ile ya mlima wa babu yake, na ninataka aione ingali ipo. Tumepanga kuja mwezi wa saba mwaka huu, Mungu akipenda. Umpeleke asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajafunga.

Fedha za saruji ya kukarabati mfongo nimezituma juzi, nimezipitisha kwa mdogo wangu. Mniambie kama zimefika na kama wazee wamekwishapanga siku ya kazi. Na zamu yetu sasa hivi ni mchana au usiku? Kama ni usiku, Baba, usiende peke yako. Mdogo wangu akusindikize, ashike tochi.

Mama, kile kitenge nilichokuahidi, bado natafuta mtu wa kumpa akuletee.

Binti yenu