Risala ya Kikundi cha Afya ya Mama na Mtoto kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa meza kuu, wanakikundi na wageni waalikwa,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Umefika mwenyewe, mwaka jana tulipokea mwakilishi.

Historia yetu ni ndefu, tunaifupisha: tulianza wachache, sasa tuko wengi. Mafanikio ni makubwa mno. Tuna katiba, mhuri, mizani ya kupimia uzito, na elimu yetu imeleta mapinduzi ya fikra katika jamii nzima.

Mheshimiwa, changamoto yetu ni moja. Kliniki humpokea mwanamke akishapata mimba, tena mara nyingi miezi imekwenda. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wengi wetu hata hatujajijua. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri maikrogramu 400 za asidi ya foliki, vitamini inayosaidia mfereji huo kufunga, kila siku, tangu mwanamke anapoanza kutafuta mtoto hadi wiki ya 12. Kidonge hicho kikija mimba ina miezi mitano, mgongo uliobaki wazi hakiufungi.

Kisukari kisichodhibitiwa kabla ya mimba nacho huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro za moyo. Na madhara mengine husubiri miaka: Uholanzi ilipokumbwa na njaa ya 1944 hadi 1945, waliotungwa mimba kipindi hicho walionekana ukubwani kuandamwa zaidi na maradhi ya moyo. (Akina baba mlioko nyuma, msisinzie: sigara huharibu mbegu zenu pia.)

Tunaomba chumba kimoja katika kituo cha afya, siku moja kwa wiki, kwa wanawake ambao hawajapata mimba: wapimwe sukari, shinikizo na wingi wa damu, wapewe foliki, na wachanjwe dhidi ya rubela, ugonjwa wa vipele unaoweza kumdhuru mtoto tumboni, chanjo ambayo mjamzito hapewi.

Ombi hili si geni. Mtangulizi wako alilikubali hapa hapa, tukampigia vigelegele. Baadaye tukaambiwa liko kwenye mchakato. Chumba tulichoonyeshwa leo ni stoo ya viti. Hatulalamiki, Mheshimiwa, tunakumbusha tu. Nakala ya barua yetu, yenye mhuri wa kupokelewa, tumeiambatisha. Ahadi tunazo za kutosha. Safari hii tutashukuru kutajiwa tarehe, na jina la atakayekabidhi ufunguo, kabla hujapanda gari.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi