Barua kwa Shabani kuhusu rimu za Mustang yake

Columbus, Ohio
9 Machi 2024

Swahiba yangu Shabani,

Salamu nyingi zikufikie wewe pamoja na jamaa zako wote huko Minneapolis. Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza kutuachia, na watoto wamekwisha kuuliza kama mwaka huu gari la baba litatoka gerejini kabla ya Idi.

Barua yako imenifikia pamoja na picha tatu za Ford Mustang yako ya 1966, na nakiri kwamba ile ya ubavuni nimeitazama muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mwenye shughuli zake. Hongera sana. Swali lako lilikuwa moja tu: je, uzinunue zile rimu nne za alumini ulizozipata kwa bei nafuu, ambazo mwenyewe anakuhakikishia kwamba zinaingia gari lolote la Ford lenye nati tano? Jibu langu ni kwamba usitoe pesa bado. Uniwie radhi kwa urefu wa barua hii, maana somo hili nililipia mwenyewe.

Kabla ya kuzichunguza rimu za mtu, lichunguze gari lako. Pichani vifuniko vya magurudumu vimezificha nati zote, na wewe umeandika tu kwamba ni tano kwa sababu uliambiwa. Mustang za 1965 na 1966 zenye injini ya silinda sita zilitoka kiwandani na boliti nne kwa kila gurudumu. Zenye V8, yaani injini ya silinda nane, ndizo zilizokuwa na tano. Isome namba ya chasisi uitazame alama ya tano: ukikuta T, gari lilizaliwa na silinda sita, na ukikuta C, A au K, lilizaliwa na V8 ya inchi za ujazo 289. Ila namba hiyo inakueleza kuzaliwa kwake tu, haikuelezi maisha yake. Gari lenye umri unaokaribia miaka sitini limepita mikononi mwa mafundi wengi, na wako waliozitia V8 gari za silinda sita, wakabadilisha habu za mbele, yaani vile vitovu ambavyo magurudumu hufungwa juu yake, ili wapate breki bora, kisha pesa ikawaishia kabla ya kuufikia mhimili wa nyuma. Kwa hiyo ondoa vifuniko vyote vinne, uhesabu kila gurudumu peke yake.

Tuseme umezikuta tano pande zote. Sasa linakuja jambo lililoniaibisha. Boliti hizo zimepangwa kwenye duara, na duara la Ford yako lina kipenyo cha inchi 4.5, yaani milimita 114.3. Mwaka 2019 nilikwenda Carlisle, kule Pennsylvania, kwenye soko la vipuri vya magari ya zamani linalofanyika majira ya kuchipua, nikakuta rimu nzuri za alumini zisizo na alama yoyote. Nikatoa rula yangu, nikapima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la upande wa pili, nikapata milimita 114 na ushei. Nikalipa bila kubisha bei. Nilipofika nyumbani nikainua gari kwa jeki, nati ya kwanza ikaingia vizuri, ya pili ikaingia kwa kulazimishwa, na boliti ya tatu haikulipata tundu lake kabisa. Zilikuwa rimu za Chevrolet.

Kosa langu lilikuwa la hesabu. Kwenye duara la matundu manne kila tundu lina mwenzake anayelitazama uso kwa uso, hivyo ukipima baina yao umepata kipenyo. Kwenye duara la matundu matano hakuna tundu linalotazamana na jingine. Ukipima kutoka tundu moja hadi lile la mbali, mstari wako haupiti katikati, na unapata pungufu ya kipenyo kwa karibu asilimia 5. Duara la Chevrolet nyingi za enzi hiyo, kama vile Camaro na Chevelle, lina inchi 4.75, sawa na milimita 120.65, na ukilipima kwa njia ile ya kijinga unapata milimita 114.7. Nani asingedanganyika? Njia ya salama ni kupima matundu mawili jirani, katikati kwa katikati: Ford itakupa takriban milimita 67.2, na Chevrolet hiyo takriban 70.9. Aliyeniuzia hakunidanganya, maana hakuniambia ni za gari gani, nami sikumuuliza. Niliziuza kwa hasara kwa jirani mwenye Camaro, ambaye hadi leo hunishukuru kila tukikutana, jambo ambalo silifurahii sana.

Kuhusu yale maneno kwamba rimu hizo zinaingia gari lolote, muombe mwenyewe akupigie picha ya matundu kwa karibu. Zilikuwapo rimu zilizotengenezwa na matundu marefu badala ya ya duara, ili rimu moja itumike kwenye magari ya kampuni mbalimbali kwa msaada wa washa maalumu zinazoishikilia boliti mahali pake. Si rimu mbaya, lakini bila washa zake halisi, zikiwa zimegeuzwa upande unaostahili, gurudumu halikai katikati, na nati hulegea barabarani. Kama hana washa, mimi ningemuachia rimu zake.

Najua pia kwamba utarudia lile wazo lako la rimu za Toyota Camry, kwa kuwa nazo zina matundu matano kwenye duara la milimita 114.3, kama zile Toyota Mark II tulizokuwa tukizionea wivu Dar es Salaam. Duara ni lile lile, kweli. Lakini tundu la katikati la rimu ya Toyota hiyo ni milimita 60.1, wakati rimu za Ford zimezoeleka kuwa na tundu linalozidi milimita 70, kwa hiyo kabla ya yote pima kitovu cha habu yako uone kama kitapenya. Hata kikipenya, kuna kizuizi kikubwa zaidi, nacho ndicho kiini cha barua hii.

Rimu mbili zinaweza kulingana kwa matundu, kwa kimo na kwa upana, na bado moja ikakaa vizuri huku nyingine ikikwaruza. Tofauti inatokana na mahali ulipo uso unaokaa kwenye habu, yaani kama umesogea nje au umezama ndani ya rimu. Wenye magari ya zamani hapa huupima kwa kuilaza rimu kifudifudi, wakaweka ubao ulionyooka juu ya ukingo wake wa ndani, kisha wakashusha rula kutoka kwenye ubao hadi kwenye uso ule. Mimi nakiita kipimo hicho kina cha nyuma. Kikiwa kikubwa, gurudumu linaingia ndani kuelekea springi na tairodi, yaani fimbo za usukani. Kikiwa kidogo, linatoka nje kuelekea ukingo wa madigadi. Kumbuka pia kwamba upana unaotajwa hupimwa pale tairi linapokalia, si ukingoni, hivyo rimu ya inchi 7 ina karibu inchi 8 kutoka ukingo hadi ukingo.

Kwa Mustang ya 1966 yenye mihimili yake ya asili, rimu ya inchi 15 kwa 7 yenye kina cha nyuma cha inchi 4.25 ni chaguo ambalo wengi wamelijaribu likawafaa, nami ni mmojawao. Sasa ichukue rimu ya gari la kisasa yenye upana wa inchi 6.5, ambayo uso wake umesogezwa nje milimita 45 kutoka katikati: kina chake cha nyuma kinakaribia inchi 5.5. Ingawa ni nyembamba kuliko yangu, inaingia ndani zaidi ya inchi moja kuliko gari hili linavyotaka. Wapo watakaokushauri utie bamba la kusogeza gurudumu nje. Mimi sipendi kuongeza kipande cha chuma kati ya habu na rimu ili kusitiri ununuzi mbaya.

Usiichukue hata inchi yangu ya 4.25 kama amri. Pima gari lako. Liweke juu ya stendi imara, ondoa magurudumu, na kutoka kwenye uso wa habu pima kwenda ndani hadi kitu cha kwanza utakachokigusa: nyuma ni ile springi ya vyuma bapa vilivyopangwa, mbele ni tairodi na mikono ya saspensheni. Kisha pima kwenda nje hadi ukingo wa madigadi. Kwa mbele rudia vipimo hivyo usukani ukiwa umekatwa kabisa kulia, halafu kushoto, na ukiweza liinue gurudumu kwa jeki ndogo kana kwamba gari limeingia shimoni, kwa maana tairi lisilogusa kitu gari likiwa limesimama linaweza kukata rangi kwenye kona ya kwanza. Kulia na kushoto havilingani sikuzote. Gari langu lina tofauti ya robo inchi, na sijui kama ni kiwanda au ni ajali ya zamani.

Kama gari lako lina breki za diski mbele, ni lazima rimu ijaribiwe ikiwa haina tairi, kwani kalipa ya breki hizo, yaani kile kifaa kinachobana diski, ni nene, na rimu nyingi za chuma za inchi 14 zilizotengenezewa magari ya breki za dramu haziikwepi. Zungusha kwa mkono mzunguko mzima, usikilize.

Kimo cha tairi si jambo gumu. Tairi la asili liliandikwa 6.95-14, na leo watu huweka 195/75R14, lenye kimo cha takriban milimita 648. Ukihamia rimu ya inchi 15, tairi la 205/65R15 lina kimo kile kile, na kwa hiyo spidomita haitakudanganya. Za inchi 17 zinawezekana kwa hesabu, lakini kwa macho yangu gari hili likivalishwa hizo hufanana na mzee aliyevaa viatu vya mjukuu. Ukipewa tairi pamoja na rimu, soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi za DOT zilizo ubavuni mwa tairi: 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009, na tairi kama hilo ni la kutupwa hata kama kashata zake ni nzima.

La nati ni fupi. Boliti za gari lako, kama ni la V8, zina unene wa nusu inchi na hesi 20 kwa kila inchi, kwa hiyo nati ya Toyota haihusiki, wala ile ya Chevrolet. Rimu za chuma zinataka nati yenye ncha ya koni, lakini baadhi ya rimu za alumini za zamani zinataka nati yenye shingo iliyonyooka na washa bapa. Umbo la tundu ndilo litakalokuamulia. Baada ya maili 50 hivi za kwanza, kaza tena.

Sasa nakuomba uniandikie vitu vitatu: alama ya tano ya namba ya chasisi, umbali wa matundu mawili jirani ya rimu za huyo bwana, na kina cha nyuma cha rimu hizo. Kama anakataa kukuruhusu upime, hilo nalo ni jibu. Na zile rimu zako za chuma zilizo chini ya vifuniko usimuuzie mtu. Zifute kutu, uzipake mafuta, uzihifadhi pamoja na nati zake.

Nisalimie watoto na shemeji.

Wako,
Idi