Siku ya daino Fuoni, Unguja: kabla hujaleta gari yako

Tangu tukubaliane na vijana wa klabu ya gari kwamba gereji tutawaachia Jumapili nzima kwa ajili ya daino, yaani mashine ya rola inayopima nguvu za gari, swali linalotufikia ni lile lile: "Fundi, Mark X yangu itasoma ngapi?"

Itasoma chini ya unavyotaraji, na hilo si kosa la gari wala la mashine. Mark X ya lita 2.5 ya toleo la kwanza kiwandani imeandikiwa nguvu za farasi 215, lakini hizo ni za injini. Sisi tunapima kwenye magurudumu, na njiani giaboksi, propela shafti na difu kila mmoja anachukua chake. Mafundi wengi hukadiria kwamba kinachopotea ni asilimia 15 mpaka 20. Kwa hiyo ukisoma kati ya 172 na 183, gari yako ni nzima. Usinune.

Gari inapandishwa juu ya rola, inafungwa mikanda mbele na nyuma, feni kubwa inawekwa mbele ya rejeta, kisha inakanyagwa mafuta mpaka mwisho. Mashine inahesabu nguvu kwa namna rola inavyozungushwa. Kazi kubwa iko kabla ya hapo.

Anza na tairi. Tazama ubavuni, kwenye mstari unaoanza na herufi DOT, soma tarakimu nne za mwisho. Ukikuta 2314, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Wengi wetu tunanunua tairi za mtumba, meno bado marefu, kumbe mpira umeshakauka. Barabarani hutalijua hilo. Kwa foleni ya Mwanakwerekwe nani anafika 80? Juu ya rola gari imesimama, lakini tairi inakwenda kilomita 160 kwa saa na zaidi. Ikipasuka hapo, madigadi na bampa vinakwenda nayo. Tutazikagua zote mlangoni, na yenye nyufa haipandi, hata awe mwenyewe ni rafiki yetu.

Jengine ni kutu. Gari zinazokwenda Nungwi na Paje kila wikiendi zinarudi na chumvi imeganda chini, na mikanda yetu inashika huko huko chini, kwenye chesisi na ndoano za kuvutia gari. Gonga ndoano kwa bisibisi. Yakidondoka maganda mekundu, hiyo si ya kuaminiwa. Ipitishe gereji siku chache kabla tuinyanyue tuitazame, hatutozi kitu. Oili iwe safi, maji ya rejeta yajae, taa ya injini isiwe inawaka. Gari inayochemsha kwenye foleni ya Darajani hapa itachemsha zaidi.

Suala la gia lina mjadala wake. Tunapenda kupima kwenye gia ambayo mzunguko unatoka kwenye giaboksi kama ulivyoingia, mara nyingi namba 4. Lakini gari za Japani zimefungiwa zisivuke kilomita 180 kwa saa, kwa hiyo ikiwa itafika 180 kabla injini haijamaliza mizunguko yake, tunashuka gia moja. Wenye oto mtuvumilie, tutachukua muda kuizuia isijibadilishie gia yenyewe.

Tumechagua Julai makusudi. Kusi likivuma, asubuhi hewa ni nzito kidogo kuliko ya Februari. Kutoka nyuzi 25 kwenda 33 hewa inapungua uzito kwa karibu asilimia 3, na injini chakula chake ni hewa. Mashine inarekebisha hesabu kwa joto, unyevu na mgandamizo, lakini haiwezi kuirekebisha intakula (kipoza hewa cha gari zenye tabo, ile inayoisukumia injini hewa kwa nguvu) iliyokwisha kupata moto. Ndiyo maana tunapima mara tatu na kuandika kipimo cha kati, si kile cha juu. Na wale wanaotambiana kwa karatasi za ndugu zao wa Nairobi: mji ule uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza pale karibu moja ya sita ya nguvu zake. Ulizeni kwanza kama namba ile imerekebishwa.

Namba ya farasi ndiyo itakayopigwa picha. Mimi ningekuomba uutazame mstari wa chini wa grafu, unaoonyesha hewa na petroli. Petroli inaungua sawasawa ikiwa hewa ni 14.7 kwa petroli 1, kwa uzito. Ukikanyaga mpaka chini injini inataka petroli zaidi, hesabu ishuke 13 au chini yake. Yenye tabo ishuke hadi karibu 11.5 au 12. Mstari ukianza kupanda kuelekea 14 wakati injini inalia kwa nguvu zote, pampu imechoka, au filta na nozeli zimeziba, na pistoni zinaungua. Hapo tunakatisha kipimo, mwenyewe apende asipende. Atakayegundua hilo siku hiyo ameokoa injini, na mimi namhesabu ndiye mshindi.

Sheha ameshaarifiwa na majirani tumewapitia. Tunaanza saa 2 asubuhi; adhuhuri na alasiri mashine inazimwa mpaka watu watoke msikitini. Kila gari inachukua karibu nusu saa, kwa hiyo nafasi ni 12 tu, na anayetangulia kulipa ndiye anayepangiwa. Wenye eksozi zisizo na sailensa watapangwa mchana, si asubuhi mapema wala jioni.

Wenye Subaru mtatuwia radhi. Rola zetu ni za ekseli moja, na Forester au Impreza inayovuta magurudumu yote manne wakati wote ikipimwa hivyo, kinachokufa ni kiungo cha kati ndani ya giaboksi, spea ambayo huipati kesho yake. Njooni mtazame, lakini gari ziegesheni ndani ya uwanja. Barabarani daladala zinahitaji kupita.