Shukrani kwako uliyenipima ultrasaundi

Mdogo wangu uliyenipima ultrasaundi siku ile, jina lako sikulishika, ila mikono yako naikumbuka. Nilishaambiwa uvimbe wa tumboni mwangu ni wa ovari, na kabla ya hapo eti gesi tu! Wewe ulinigeuza ubavu, ukausukuma: kushoto na kulia uvimbe ukateleza, juu na chini ukagoma. Ukanyamaza kidogo, kisha ukasema, "Dada, huu sidhani kama ni wa ovari. Mwombe daktari kipimo cha picha cha CT, na wakitaka kunyonya maji yaliyomo ndani yake tu, uliza kwanza, maana huwa yanajaa tena."

Kweli, uvimbe ulikuwa umeota kwenye utando unaoshikilia utumbo. Umetolewa mzima bila kupasuka, na maabara wamesema si saratani. Asante sana, mdogo wangu.