Madigadi ya nyuma ipimwe shokapu ikiwa imezama

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi wenzangu wa kuchomelea, pamoja na wenye pikipiki wanaotuletea kazi hapa Kigoma. Mvua zikianza, watu ndipo hukumbuka kwamba madigadi ya nyuma, ile kinga ya matope juu ya tairi, ilishapasuka tangu kiangazi. Wapo wanaoikata iliyobaki na kuning'iniza kipande cha mpira. Wapo wanaompelekea fundi, naye hukunja bati la kuezekea, akalichomea palepale chini ya siti na kupokea hela yake. Madigadi ya namna hiyo ni hatari kuliko kutokuwa na madigadi kabisa, na tatizo linaanzia kwenye kipimo.

Mara nyingi pikipiki hupimwa ikiwa kwenye stendi kubwa, haina mtu wala mzigo. Tairi limening'inia, fundi anaona nafasi ya vidole vinne juu yake, anaridhika. Vidole vinne ni kama sentimita 7. Sasa ipakie pikipiki hiyo madumu mawili ya mawese ya lita 20, kila moja kilo 18 na zaidi, weka abiria, kisha iingie kwenye shimo. Shokapu zinazama, tairi linapanda sentimita 8 au zaidi, linagusa bati. Juu ya gurudumu mwendo wa tairi ni kwenda mbele, kwa hiyo bati jembamba hukunjwa na kuvutwa kuelekea kwenye betri. Gurudumu likifunga hivyo kwenye mteremko, dereva hana la kufanya.

Namna ya kupima haihitaji chombo cha kununua. Fungua shokapu zote mbili, pima urefu kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini. Tuseme ni sentimita 33. Shokapu nyingi za pikipiki za kazi huzama kati ya sentimita 6 na 9, hivyo toa 9, unabaki na 24. Tengeneza vipande viwili vya chuma bapa vyenye matundu yaliyoachana sentimita 24, uvifunge mahali pa shokapu. Hapo tairi limekaa pale litakapofika siku ya mzigo mzito. Madigadi yako ifuate tairi likiwa katika hali hiyo, na uiachie sentimita 3. Usipunguze. Matope ya Kasulu na Buhigwe hunata, na nafasi ikiwa finyu yanajaa humo na kulikaba tairi hata kama bati halijaguswa.

Kuna mambo mawili yanayosahaulika hapa. Pima kwa tairi jipya, maana tairi lililoisha meno ni dogo kuliko lenye meno. Tena sogeza ekseli mbele hadi mwisho wa nafasi yake, upime, kisha nyuma hadi mwisho, upime tena. Cheni ikiongezwa mvuto gurudumu hurudi nyuma, na madigadi iliyokuwa sawa mwezi wa kwanza inaweza kuanza kukwaruza mwezi wa nne.

Kuhusu bati, la kuezekea la geji 28 au 30 halifai. Halifiki hata nusu milimita, fimbo ya kuchomelea inalitoboa, na likikaa barabarani linachanika kwenye tundu la bolti. Tena lina zinki, na moshi wake ukiungua unamdhuru mchomeleaji. Bati la kufaa ni la milimita 1 hadi 1.2, na lipo tele katika mapipa ya lita 200. Pipa lina faida nyingine: tairi la 3.00-17 lina sentimita 29 hivi kutoka katikati ya ekseli hadi kwenye meno, na pipa lina 28 na kitu kutoka katikati hadi ukingoni. Mkunjo wake basi unakaribia sana ule tunaoutafuta, ambao ni 32, yaani 29 za tairi na 3 za nafasi. Ukikata ukanda, kazi iliyobaki ni kuupanua kidogo juu ya gogo kwa nyundo ya mpira. Mzunguko wa pipa ni kama sentimita 180, kwa hiyo kila ukanda unatoa madigadi mbili za sentimita 75, na baki la kutosha.

Lakini pipa linaua. Lililokuwa na petroli, tina ya kuyeyushia rangi, au rangi yenyewe hubaki na mvuke ndani hata likionekana kavu, na cheche moja ya grinda inatosha kulilipua. Hata la mawese si salama: mabaki yakipata moto hutoa mvuke unaowaka. Fungua vizibo vyote viwili, osha kwa maji ya moto na sabuni, jaza maji hadi karibu na mstari wa kukata, na uanze kwa tindo na nyundo. Grinda iingie baada ya pipa kuwa wazi kabisa. La dawa za mashambani usiliguse.

Tairi la 3.00 lina upana wa sentimita 8 hivi, basi ukanda wa juu uwe na upana wa 12. Mashavu ya pembeni yateremke sentimita 4. Usijaribu kuyapata kwa kukunja ukanda huohuo, utajikunyata. Yachore kwanza kwenye boksi, yakate kutoka kwenye mfuniko wa pipa ambao ni bapa, kila shavu kwa vipande viwili, ukikwepa kizibo. Shikiza kwa nukta kila baada ya sentimita 3, ukibadilisha upande: nukta moja mbele, moja nyuma, moja katikati. Ukichomea mstari mmoja mrefu bati linapinda, na halirudi. Fimbo iwe geji 12, moto uwe mdogo, ampea 50 hadi 70. Ukingo wa chini wa shavu ukunjie waya wa milimita 3 ndani yake. Waya huo ndio unaozuia bati kutetemeka na kuchanika.

Uchomeleaji wote ufanyike madigadi ikiwa chini, mbali na pikipiki. Ikibidi kabisa kuchomea kitu kwenye fremu, chomoa betri na sidiai (kile kisanduku cha umeme wa plagi), ondoa tanki, na kibanio cha athi cha mashine ya kuchomelea kikae jirani na pale unapochomea, umeme usipite kwenye beringi za gurudumu.

Sehemu za kufungia ziwe nne: mbili mbele kwenye fremu chini ya siti, mbili pembeni kwa mikono ya nondo ya milimita 8. Kwenye kila tundu chomelea kwanza kibati cha sentimita 4 kwa 4, kisha toboa kwa drili. Tundu la kutobolewa kwa moto lina meno, na ufa huanzia kwenye meno hayo. Toboa kwa milimita 12, ingiza mpira uliokatwa kutoka tyubu nene, na ndani ya mpira uweke bushi ya bomba dogo. Bolti ya spana namba 10 ibane bushi, mpira ubaki huru kufyonza mtikisiko. Bila bushi mpira unapondeka wiki ya kwanza na bolti inalegea. Kichwa cha bolti, cha mviringo, kikae ndani upande wa tairi, nati iwe nje. Nimeona kazi nyingi ambazo mkia wa bolti umechongoka kuelekea tairi kama msumari unaolisubiri.

Keria isikae juu ya madigadi hata kidogo. Ifungwe kwenye fremu. Madigadi si ya kubeba gunia la mkaa.

Mkia uteremke mpaka upite nyuma ya tairi, ndipo ufunge ulimi wa mpira wa sentimita 15. Mrefu zaidi ya hapo, pikipiki ikirudishwa nyuma tairi linaukanyaga na kuung'oa. Taa, indiketa na kibao cha namba virudi mahali pake vikionekana. Waya zipite juu ya bati, si chini yake, na kila zinapotoboa ziwekewe mpira. Kama taa inategemea athi ya bati lenyewe, kwangua rangi mpaka chuma kionekane pale inapogusa.

Usipake puti, itadondoka kwa mtikisiko. Brashi ya waya, praima nyekundu, rangi mara mbili, na upande wa ndani mara tatu. Wanaobeba chumvi ya Uvinza wamwagie maji safi ndani ya madigadi jioni hiyohiyo, kwa sababu maji ya chumvi yakilala kwenye maungio, kutu huanza chini ya rangi na huioni mpaka bati litoboke.

Kabla ya kumkabidhi mteja, rudisha shokapu, bandika ndani ya madigadi vidonge vitatu vya udongo wa mfinyanzi vyenye unene wa sentimita 2: mbele, juu na nyuma. Pakia watu wawili na gunia, peleka kwenye njia mbovu umbali wa kilomita moja. Kidonge kikirudi mzima, kabidhi. Kikiwa kimepondwa au kina alama ya meno ya tairi, fungua mikono ya nondo uinue sehemu hiyo, kisha urudie. Mteja aje tena baada ya wiki, bolti zote nne zikazwe.

Fundi wa kuchomelea,
Mwanga, Kigoma