Rubani halaumiwi kwa ukungu wa Songwe

Mhariri,

Ndege ya kuja uwanja wa Songwe, hapa Mbeya, ikishindwa kutua kwa ukungu na kwenda Dodoma au kurudi Dar es Salaam, lawama zote humwangukia rubani. Naomba nafasi nieleze kidogo.

Kila njia ya kutua ina kimo cha mwisho cha kushuka bila kuiona ardhi. Penye mtambo wa redio unaomwongoza rubani kwa usahihi, kwa kiwango chake cha kawaida, kimo hicho ni kama futi 200, yaani mita 60 hivi, na mwonekano usipungue mita 550. Pasipo mtambo huo kimo hupanda, na penye milima hupanda zaidi. Akifika hapo haoni taa wala alama za barabara ya kutulia ndege, haruhusiwi kupapasa. Anaongeza nguvu ya injini na kupaa. Ni hatua ya kawaida, ingawa tumbo la abiria halikubali.

Kinachofuata ni hesabu ya mafuta. Ndege hubeba ya safari, ya dharura ndogondogo, ya kufika uwanja mbadala, na ya kuzunguka dakika 30 juu yake. Yakibaki ya kufika uwanja mbadala na ya dakika 30 hizo tu, anaondoka, hata kama ukungu ungefunguka robo saa baadaye.

Ukungu huu huja usiku wa anga safi na upepo mdogo, ardhi ikipoa. Jua likipanda hutawanyika, hivyo ndege ya saa nne asubuhi ina nafasi nzuri kuliko ya saa moja. Mwenye kuunganisha safari Dar asikate tiketi za kubanana.

Msomaji wako,
Mbeya